Video ya Mtu na Jina Lake

Miongoni mwa aina zote za wizi zijulikanazo na wanadamu, uko mmoja ambao hufanywa mchana kweupe, mbele ya maelfu ya mashahidi, na mwenye kuutenda akapewa shukrani badala ya pingu. Huo ni wizi wa video. Mtu hushinda kutwa akipiga picha kwa simu yake, akakesha akizikata na kuziunga, kisha akaziweka katika chaneli yake mtandaoni. Kesho yake mtu wa pili huzivuta, hukata pembe iliyoandikwa jina la mwenyewe, hubandika jina lake pale pale, na kuzipandisha katika jukwaa jingine. Wa kwanza akipata watazamaji mia, wa pili huenda akapata maelfu. Na wa kwanza akithubutu kulalamika, huitwa mchoyo.

Mchoyo huyo hujibiwa maneno matatu, ambayo kwa kurudiwarudiwa yamekuwa kama kanuni ya imani. La kwanza ni kwamba kitu kilichowekwa hadharani ni cha watu wote. La pili ni kwamba aliyekichukua amemsaidia mwenyewe kujulikana. La tatu ni kwamba hata huyo mwenyewe naye alichukua kwa wengine. Lau maneno hayo yangesemwa na watoto wasiojua thamani ya kazi, yangestahili kusamehewa. Lakini aghalabu husemwa na watu waliosoma, wenye shahada zao na kurasa zao za kukusanya vichekesho, ngoma na maajabu ya mashamba. Na baadhi yao huketi katika madarasa ya vyuo vikuu, ambamo kunakili ukurasa wa kitabu bila kumtaja mwandishi ni kosa la kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Yapasa basi maneno hayo yachunguzwe moja moja, uzito wake ujulikane.

Uchunguzi huo haufai kuanzia Dar es Salaam wala Nairobi, ambako mwenye video huenda akawa na wakili, na msimamizi wa kazi zake, na marafiki katika magazeti. Yafaa uanzie mahali kama Mitole, katika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ambako mwenye video hana silaha ila simu yake. Mtu na amfikirie kijana wa huko, mwana wa mkulima wa ufuta, aliyenunua simu kwa fedha za mavuno. Kijana huyo hakosi mambo ya kuuonyesha ulimwengu. Wilaya yake ndiyo yenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ndiyo yenye vilima vya Umatumbi, ambako Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Ndiyo yenye misitu ya mpingo inayotunzwa na vijiji vyenyewe. Akimketisha bibi yake chini ya mwembe, akamrekodi akisimulia aliyoyasikia kwa wazee wake juu ya vita hivyo, ametengeneza kitu ambacho jana hakikuwapo duniani. Na kitu hicho kina gharama: fedha za bando, siku isiyolimwa, na mwendo wa kutafuta mahali ambapo mtandao una nguvu ya kupandisha picha.

Sasa lije neno la kwanza, la kwamba cha hadharani ni cha wote. Wakulima wa Kilwa wanaweza kulijibu bila ya kufungua kitabu. Ufuta ukisha kukatwa hufungwa matita, na matita yakasimamishwa wazi hata yakauke. Kila apitaye njiani huyaona, anaweza kuyasifu, anaweza kusimama akayahesabu. Lakini hakuna aliyepata kusema kwamba maadamu ufuta umeanikwa mbele ya macho ya watu basi ni mali ya macho hayo. Kisha ufuta huo hupelekwa ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi. Hupimwa, jina la mkulima na uzito wa mali yake vikaandikwa, ndipo ukauzwa mnadani chini ya Lindi Mwambao, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilwa na Lindi. Mnada ni wa hadhara. Mali si ya hadhara. Hata ikiwa magunia elfu yamelala pamoja katika ghala moja, karatasi iliyo mkononi mwa mkulima husema lipi ni lake.

Hali kadhalika gogo la mpingo. Msitu wa kijiji hauna ukuta wala mlango. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vilivyo katika Wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, vilipata mwaka 2009 hati ya FSC, inayotambulika ulimwenguni kwa utunzaji mwema wa misitu, na sifa hiyo haikutokana na kujenga boma. Ilitokana na kujua kila mti uliokatwa umetoka wapi na kwa idhini ya nani. Gogo lililovunwa kwa halali hugongwa nyundo yenye alama; gogo lisilo na alama, likikutwa barabarani, dereva wake huulizwa maswali. Basi mtu anayekata pembe ya video yenye jina hafanyi jambo jingine ila kuiparuza alama ya nyundo. Na ajabu ni kwamba katika biashara ya magogo kuparuza alama ndiko kunakomtia mtu hatiani, ilhali katika biashara ya video ndiko kunakompatia wafuasi.

Sheria ya nchi imesimama upande wa mkulima na wa mwenye video kwa pamoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazihesabu kazi za picha na sauti miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo haungoji usajili wala muhuri; huanza kazi inapotengenezwa. Tanzania ilikuwa imekwisha kujiunga na Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na mkataba huo nao hauruhusu haki ya mtunzi itegemee kujaza fomu. Zaidi ya hayo, sheria hiyo haikutaja fedha peke yake. Imempa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, jina lake litajwe kazi yake inapotumiwa. Tena imetenga sehemu nzima kwa ajili ya sanaa za jadi, kama vile hadithi, ngoma na nyimbo za wenyeji, zisichukuliwe kwa biashara bila ya idhini. Kwa hiyo asemaye kwamba cha hadharani ni cha wote hatoi maoni yake juu ya jambo lililo wazi. Anakana sheria iliyokuwapo kabla ya kuzaliwa kwa majukwaa yenyewe, kwani YouTube ilianzishwa mwaka 2005.

Neno la pili ni tamu zaidi, na kwa sababu ya utamu wake limewadanganya wengi. Husemwa kwamba mwenye video alikuwa hajulikani, na aliyeichukua amemfikisha mbali. Jawabu lake ni swali moja: amemfikisha nani? Ikiwa jina limekatwa, aliyefika mbali ni mwizi. Video imesafiri, mwenyewe amebaki Mitole. Bibi aliyesimulia chini ya mwembe amesikika Nairobi, Muscat na London, na hakuna hata mmoja katika wasikilizaji hao ajuaye kwamba ni bibi wa Mitole, wala wa kumwuliza neno alilolisahau, wala wa kumpelekea mjukuu wake shilingi moja.

Na suala la shilingi si la kupuuzwa. YouTube, ili impe mtu mgawo wa fedha za matangazo, humtaka awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika muda wa miezi 12, au kama ni video fupi, zimetazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Kwa mtu wa mjini mwenye jina, hicho ni kizingiti. Kwa kijana wa Mitole ni mlima. Kila mtazamaji aliyeiona kazi yake kwa mwingine ni mtazamaji aliyepunguzwa katika hesabu hiyo. Na asiyefikisha hesabu hapati mgawo wa matangazo. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Na akitaga, haangui. Na akiangua, halei. Na akilea, mwewe humnyakua kifaranga. Wanaoitetea tabia hii wanataka mwenye kuku amshukuru mwewe kwa kumrusha kifaranga angani.

Mwambao wa Kilwa una ushahidi mkongwe wa jambo linalompata mtu ambaye kazi yake inasafiri bila ya jina lake. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtu mmoja aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya masultani wa Kilwa, ijulikanayo kwa jina la Kitab al-Sulwa. Tarikhi hiyo imesafiri kuliko video yoyote ya zama hizi. Mreno João de Barros aliingiza masimulizi ya namna hiyo ya wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu ilimfikia Sultani Barghash wa Unguja, naye akampa Mwingereza John Kirk. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Na leo imo London, katika maktaba ya taifa. Jina la Barros linajulikana, la Kirk linajulikana, la Strong linajulikana. Jina la aliyeandika halijulikani. Wanazuoni wanaweza kueleza mengi juu ya mtu huyo kwa kuchungua maneno yake, lakini hawawezi kumwita.

Yamkini mpinzani akaudaka mfano huo akasema: lau watu wasingenakili, tarikhi ingepotea, basi kunakili ni wema. Ni kweli, na hakuna mwenye akili anayepinga kunakili. Maktaba zote za ulimwengu zimejengwa kwa kunakili. Lakini mfano huo huo unaonyesha kwamba kunakili na kutunza jina ni vitu viwili, na kwamba cha kwanza kinaweza kufanyika vema huku cha pili kikipotea milele. Na asidhani mtu kwamba kupotea kwa jina ni kudura ya mambo ya kale. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji. Utenzi huo ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, ukachapishwa tena Afrika Mashariki mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ulipita katika mikono ya wageni, katika lugha tatu, na jina la mtunzi halikudondoka. Kumbe inawezekana. Mtu wa mwaka 1933 aliyepanga herufi za risasi moja moja aliweza kulitunza jina la mtu wa Lindi; seuze mtu wa leo, ambaye kulitunza jina hakumgharimu ila kuacha kulikata?

Neno la tatu ni la kulipiza: kwamba hata mwenye video naye alichukua kwa wengine. Watetezi wake hupenda kumtaja Kili Paul, Mtanzania wa Kimaasai aliyejulikana kwa video za kuigiza nyimbo za Kihindi, hata Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja kwa sifa katika hotuba yake ya redio mwezi Februari 2022. Husema: nyimbo si zake, basi kwa nini video zake ziwe zake? Hoja hii ina kelele nyingi kuliko maana. Nyimbo zina wenyewe, nao wanajulikana. Majukwaa kama TikTok yamefanya mikataba na makampuni ya muziki ili watumiaji wazitumie. Hakuna aliyemsikia Kili Paul akidai kwamba yeye ndiye aliyeimba. Alichokileta ni sura yake, vazi lake, mwendo wa mwili wake na kicheko chake; na hivyo ni vyake. Anayeichukua video hiyo nzima akaipandisha kwake hakuongeza wimbo, wala sura, wala kicheko. Ameongeza jina lake tu, tena mahali palipokuwa na jina la mwingine.

Basi mpaka uko wazi kwa anayetaka kuuona. Mwenye kuchukua kipande akakijadili, akakikosoa, akakifasiri au akakijibu kwa kazi yake mwenyewe, huku akimtaja alikokitoa, ni mwenzi katika maongezi ya watu. Na sheria nayo huacha nafasi kwa nukuu ya kiasi. Mwenye kuchukua kizima asiongeze kitu, akaficha alikokitoa, huyo hana hoja. Na ikiwa kweli mwenye video aliwahi kukosea kwa kuchukua cha mwingine, kosa hilo lidaiwe na huyo mwingine. Haijapata kuwa sheria, wala dini, wala desturi ya mji wowote, kwamba aliyeibiwa akionekana na dosari mali yake hugeuka halali kwa mpita njia.

Liko jambo ambalo wapinzani hao hawalitaji, nalo lina uzito kuliko fedha. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga mwambao wa kusini, na mvua zikaikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa. Wakati kama huo video ya daraja lililobomoka ni habari ya uhai, na anayeipeleka mbele anafanya wajibu. Hakuna wa kumwambia msafiri angoje idhini ya mpiga picha. Lakini ni wakati huo huo ambapo jina, mahali na tarehe huwa na thamani ya uhai vilevile. Video iliyokatwa jina inaweza kuwa ya Somanga, inaweza kuwa ya nchi ya mbali, inaweza kuwa ya mafuriko ya miaka mitano nyuma. Anayeitazama hana wa kumwuliza. Mwenye kukata jina la mpiga picha amekata pia njia ya kuhakikisha ukweli. Kwa hiyo haki ya mwenye video si ya mwenye video peke yake. Ni haki ya kila mtazamaji kujua anatazama nini.

Maneno matatu yakisha kuanguka, hubaki swali la nani atamlinda kijana wa Mitole. Watu wengi hujibu upesi kwamba sheria zipo na majukwaa yana vifaa. Vipo kweli, na yafaa vitazamwe vinamfaa nani. Tangu mwaka 2007 YouTube imekuwa na mtambo uitwao Content ID, unaolinganisha kila video mpya na kazi zilizokwisha kuwekwa katika hazina yake. Lakini hazina hiyo hufunguliwa kwa wenye haki nyingi za kuwania, kama makampuni ya filamu na muziki, wala si kwa kijana mwenye video thelathini. Tena mtambo huo hulinda nyumba yake tu. Video ikitolewa YouTube ikapelekwa Facebook, Instagram au TikTok, bawabu wa nyumba ya kwanza hana habari na yanayopita katika mlango wa nyumba ya pili. Nako huko kuna bawabu mwingine, mwenye masharti yake mwenyewe. Mwizi huhama kwa kubonyeza mara mbili. Aliyeibiwa hana budi kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Akibisha hodi, hukutana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ijulikanayo kwa kifupi DMCA, ambayo majukwaa makubwa ya huko huifuata. Kwa sheria hiyo mwenye kazi hupeleka taarifa, nayo video ikaondolewa. Hapo ni vema. Lakini aliyeichukua naye anaweza kuandika kwamba anapinga. Na akisha kupinga, video hurudishwa katika muda wa siku 10 hadi 14 za kazi, ila mlalamikaji aonyeshe kwamba amekwenda mahakamani. Kwa kampuni yenye mawakili, siku hizo ni nyingi. Kwa kijana wa Mitole, kuambiwa aende mahakamani kwa ajili ya masimulizi ya bibi yake, dhidi ya mtu asiyemjua jina wala nchi, ni sawa na kuambiwa anyamaze. Dau la mnyonge haliendi joshi. Na hapa hata upepo umeandikiwa masharti.

Wala nchi yenyewe haijakosa maandishi. Sheria ya 1999 ndiyo iliyounda COSOTA, chombo cha hakimiliki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuvunja haki za ubunifu kwa njia ya kompyuta kuwa kosa, tena imetaja taarifa ya kumtaka mtoa huduma aondoe kitu kinachovunja haki ya mtu. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kanda na sahani za muziki na filamu, ili iliyo halali itambulikane na iliyo haramu. Stempu hiyo haina pa kubandikwa siku hizi, kwani video ya mtandaoni haina jalada. Na mwaka 2018 zilipotungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, wenye blogu na televisheni za mtandaoni walitakiwa kulipia leseni. Hapo ndipo pa kusemea. Dola ilipotaka ada kwa mtu anayesema mtandaoni, ilimwona vizuri na ilijua njia ya kumfikia. Basi haiwezi kudai kwamba haimwoni mtu huyo huyo anapoibiwa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi iliyobaki ni kuifanya haki hiyo itembee hata ifike wilayani, pawe na ofisi ambapo mtu wa Mitole atakwenda na simu yake, aeleze kwa Kiswahili, aandikiwe taarifa inayostahili, na mwenye ofisi aifuatilie kwa majukwaa kwa niaba yake. Halmashauri zina maofisa utamaduni. Wapewe mafunzo na kazi hiyo.

Hata hivyo, makosa yote yasitupwe kwa Wamarekani na kwa serikali, kwa maana kiko chombo kimoja ambacho hakihitaji sheria mpya wala mtambo ili kijirekebishe, nacho ni chuo kikuu. Wasomi nao wana deni la zamani katika jambo hili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Aliandika juu ya ndoa, kilimo, ngoma, mazishi na safari za bara. Na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka Göttingen mwaka 1903. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, mkusanyaji. Velten hakuiba kwa siri, wala kazi yake ya kukusanya na kuchapisha haikuwa ndogo. Lakini vizazi vya wanafunzi vilikitaja kitabu cha Velten, na mwandishi akawa kama kisima ambacho watu hukisifu kwa jina la mwenye ndoo. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilipanda juu ya jalada mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa California. Ilipita miaka 78.

Msomi wa leo anayekwenda mashambani na kamera, akarekodi ngoma na masimulizi, akayapandisha mtandaoni chini ya jina la mradi wake, na mahali pa jina la msimulizi akaandika "mzee mmoja wa Kilwa", hana haki ya kumcheka Velten. Naye mwanafunzi anayekusanya video za watu wa mashamba katika ukurasa wake ili darasa zima licheke, kisha akaandika tasnifu juu ya haki za wanyonge, hana budi kuchagua moja. Hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo, kwa sababu mwanafunzi huyo ndiye afisa, hakimu, mwandishi wa habari na mwenye jukwaa wa miaka ishirini ijayo.

Masharti ya kuanzia si mazito. Kila video ya mtu mwingine iombewe ruhusa. Na ikiwa haja ni kuwaonyesha wengine tu, ipelekwe anwani ya chaneli yake, watazamaji waende kwake. Kila rekodi ya chuo iandikwe jina la msimulizi, kijiji na tarehe, isipokuwa mwenyewe ameomba afichwe. Mwenye video naye ajikinge kwa njia aliyonayo. Jina lililoandikwa pembeni hukatwa kwa kidole. Lakini jina lililotamkwa kwa sauti katikati ya masimulizi, pamoja na mahali na siku, haliondoki mpaka masimulizi yenyewe yaharibike. Watunzi wa tenzi walilijua hilo kabla ya umeme: wengi waliingiza jina lao na mwaka wa kutunga ndani ya beti za mwisho, mnakili asiweze kuliacha bila ya kuvunja mizani. Tena atunze nakala ya asili na tarehe yake, ndiyo stakabadhi yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliyeandika tarikhi ya Kilwa hatajulikana tena kwa jina, hata wanazuoni wakae London miaka mia nyingine. Msimulizi wa Mitole bado yu hai, mjukuu wake bado anajua lini na wapi alimrekodi, na jina lao bado limeandikwa pembeni mwa video. Anayelikata leo haliondoi kwa siku moja wala kwa jukwaa moja. Anawaandalia wasomi wa karne ijayo kitabu kingine kisicho na mwandishi, nao watakaa kujiuliza ni nani aliyekuwa na elimu hiyo yote, na kwa nini watu wa zama zake, waliokuwa na njia zote za kuliandika jina lake, walichagua kulifuta.